Mafahali Wawili Zizi Moja: Istilahi na Usakinishaji wa Vishada vya Seva katika Linux

Ikisiri

Makala haya yana dhamira mbili. Kwanza, yanaeleza namna seva za Linux zinavyofungwa pamoja katika kishada ili huduma isikatike hata seva mojawapo inapokufa, pamoja na hatua za kusakinisha programu zinazohusika. Pili, yanayatazama majina ya programu na hatua hizo kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi, kwa sababu karibu kila istilahi ya uwanja huu ni sitiari, na sitiari ikieleweka visivyo, data hupotea.

Utangulizi

Yamkini msomaji wa jarida hili atauliza mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na seva. Jibu la haraka ni kwamba alama za mtihani wake, karo aliyolipa na orodha ya vitabu vya maktaba ya chuo chake vyote vimo ndani ya seva. Jibu la pili linatoka Kotile. Kotile ni mji mdogo wa kusini mwa Kaunti ya Garissa, kando ya mto Tana, ambako mwandishi wa makala haya alilelewa. Katika bonde hilo husikika Kisomali, Kipokomo na Kiorma, na Kiswahili ndicho kiungo cha sokoni, shuleni na zahanatini. Kijana wa huko aliyesomea ufundi wa kompyuta hutoka chuoni na Kiingereza cha kupitia mtihani. Akiwa ndani ya chumba cha seva saa nane za usiku, simu sikioni, humweleza mwenzake aliye Garissa mjini tatizo lilivyo kwa Kiswahili. Mwongozo ulio mbele yake haukuandikwa kwa lugha hiyo, na maneno yaliyomo humo ya mioyo, bongo, nyua na risasi hayamwelekezi popote.

Si kwamba hapajakuwa na juhudi. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini ambayo menyu zake zote zilikuwa za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo, ilimlenga mtumiaji wa kawaida, yule anayefungua faili, kuandika barua na kuichapisha. Sisi wana-Kiswahili nasi tulitumia nguvu nyingi kujadili iwapo mashine yenyewe iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi (jina hili la mwisho humchekesha mfugaji wa Garissa, ambaye hulisikia kama jamaa ya ngamia). Fundi wa seva aliachwa ajitafutie maneno yake.

Kwa nini seva moja haitoshi

Seva ni kompyuta inayohudumia nyingine. Anayetuma pesa kwa simu, anayesoma matokeo yake ya mtihani na muuguzi anayetafuta faili la mgonjwa hawaioni seva, lakini wote wanaitegemea. Wala haijalishi iko mbali kiasi gani. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na hadi Aprili 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Kwa miaka minane, basi, mwenye duka aliyemtumia jirani yake shilingi mia, huku wakitazamana, alikuwa akiipitisha habari ya shilingi hizo Ulaya na kuirudisha.

Seva hufa. Diski huchakaa, feni hukwama kwa vumbi, umeme hukatika. Mafundi hupima uhai wa huduma kwa asilimia ya muda katika mwaka, na hesabu zake hufumbua macho. Huduma inayopatikana kwa asilimia 99 ya muda hukosekana kwa zaidi ya siku tatu na nusu kwa mwaka. Ikifikia asilimia 99.9, hukosekana kwa saa 8 na dakika 46. Kwa asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi, na kwa asilimia 99.999 ni dakika 5 tu na sekunde chache. Anayesikia asilimia 99 hudhani amefika, kumbe amepewa siku tatu za kukaa gizani.

Dawa yake inajulikana tangu zamani za misafara. Msafiri mwenye busara hapakii maji yote juu ya ngamia mmoja. Akivunjika mguu dume la mizigo, lile ambalo Wasomali huliita awr, mzigo hugawanywa kwa waliobaki na safari huendelea. Kishada cha seva kimejengwa juu ya wazo hilohilo, ila kina tatizo ambalo msafara hauna. Katika msafara, mchungaji humwona ngamia aliyeanguka. Katika kishada hakuna mchungaji. Ngamia wenyewe ndio wanaopaswa kutambua kwamba mwenzao ameanguka, na kukubaliana nani abebe mzigo wake.

Juu ya neno kishada

Kishada ni maua au matunda yaliyoshikamana katika kikonyo kimoja. Neno hili linafaa kwa sababu linabeba sifa mbili zinazohitajika: vitu ni vingi, lakini ukishika kikonyo umevishika vyote. Pwani neno hilohilo ni tiara ya watoto, na sioni kwamba hilo ni dosari, maana muktadha utatenganisha. Wapo wanaopendelea kusema kundi la seva. Kundi ni neno pana mno. Seva ishirini zisizojuana zikiwekwa katika chumba kimoja ni kundi, lakini si kishada. Kila seva ndani ya kishada huitwa nodi, na neno hili limekwisha kuzoeleka kiasi cha kutohitaji mjadala.

Lipo pia jina la fani nzima. Tafsiri iliyoenea ni upatikanaji wa hali ya juu. Tafsiri hii imefuata neno kwa neno, na matokeo yake ni kwamba msikilizaji hufikiri habari ni ya ubora, kama vile hoteli ya hali ya juu. Linalokusudiwa ni kutokatika. Katika makala haya nasema huduma isiyokatika, na fundi yeyote wa Garissa hulielewa bila maelezo, kwa sababu neno kukatika ndilo analolitumia kila siku kwa umeme, maji na mtandao.

Kitendo cha nodi moja kuchukua kazi ya nyingine hutokea kwa namna mbili, na Kiswahili kinaweza kuzitofautisha vizuri. Fundi akiihamisha huduma kwa hiari, tuseme anataka kusafisha seva ya kwanza, huko ni kupokezana kijiti. Seva ikifa ghafla na nyingine ikaichukua huduma, huko ni kurithi. Tofauti hii ni ya msingi. Katika kupokezana, wawili wote wako hai na wanatazamana. Katika kurithi, mmoja lazima awe amekufa kwelikweli. Anayerithi mali ya mtu aliye hai ameanzisha ugomvi, na ugomvi huo ndio kiini cha makala haya.

Mpigo wa moyo

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa Linux-HA, ulioongozwa na Alan Robertson, ulizaa programu iliyoitwa Heartbeat, yaani Mpigo wa Moyo. Nodi mbili zilitumiana ujumbe mfupi kila baada ya muda mfupi: nipo, nipo, nipo. Ujumbe ukikoma kwa sekunde kadhaa, nodi iliyobaki huhesabu kwamba mwenzake amekufa. Mwaka 2008 sehemu ya programu hiyo iliyohusika na maamuzi ilitengwa ikawa programu ya kujitegemea, Pacemaker, ambayo mwandishi wake mkuu alikuwa Andrew Beekhof. Jina lake ni la kile kifaa ambacho madaktari humpandikizia mgonjwa kifuani ili kuuratibu moyo wake. Sitiari ikazaa sitiari: kwanza moyo, kisha kirekebishi cha moyo. Siku hizi kazi ya mipigo hufanywa na programu nyingine, Corosync, na Pacemaker huketi juu yake kama mzee wa baraza anayepokea habari na kutoa uamuzi.

Sitiari ya moyo ni nzuri, lakini ina tundu moja. Daktari akimshika mgonjwa mkono na kukosa mpigo, mkono ule ule anaoushika ndio wenye moyo. Nodi haimshiki mwenzake. Inasikiliza kupitia waya, na ukimya wa waya una maana mbili: ama mwenzangu amekufa, ama waya umekatika na mwenzangu yu hai kama nilivyo, naye anadhani mimi ndiye niliyekufa. Kutoka upande mmoja wa waya haiwezekani kuzitofautisha hali hizi mbili, hata programu iwe na akili kiasi gani. Mpenzi anayesubiri barua isiyokuja huipata shida hiyohiyo, na washairi wetu wameishughulikia kwa karne kadhaa.

Ndiyo sababu wataalamu hushauri njia mbili za mipigo zisizoshirikiana chochote. Ushauri huu hupuuzwa kwa urahisi kwa kuwa njia mbili huonekana mbili hata zisipokuwa mbili. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiumia zaidi. Makampuni yalikuwa na nyaya mbili. Bahari waliyozipitisha ilikuwa moja. Vivyo hivyo, waya mbili za mipigo zinazochomekwa katika kisanduku kimoja cha mtandao ni waya mmoja wenye gharama mara mbili.

Mafahali wawili

Tuseme sasa waya umekatika na nodi zote mbili ziko hai. Kila moja inaamini kwamba imebaki peke yake, na kila moja inarithi. Zote zinatangaza anwani ileile, zote zinaandika katika hifadhidata ileile au katika nakala mbili za hifadhidata moja. Waingereza huita hali hii ubongo uliopasuka. Sipendekezi tuitafsiri hivyo, kwa kuwa Kiswahili kina methali iliyotangulia kompyuta zote: mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii inasema kile ambacho ile sitiari ya ubongo haisemi, kwamba zizi ndilo litakaloumia. Nodi zenyewe hubaki salama kabisa, na kinachoharibika ni data.

Niliwahi kufundisha Kiswahili kwa muda katika chuo kimoja cha mashariki mwa nchi, ambacho sitakitaja. Chuo hicho kilikuwa na seva mbili zilizohifadhi alama za wanafunzi, na kilijisifu kwazo. Wiki ya kuingiza alama, kisanduku cha mtandao kilichoziunganisha kiliungua. Kwa siku mbili walimu wa jengo moja waliingiza alama katika seva ya kwanza na walimu wa jengo la pili katika seva ya pili, na hakuna aliyeona tatizo, kwa maana kila skrini ilionyesha kwamba mambo yote ni shwari. Kisanduku kilipobadilishwa, ilibidi nakala moja ichaguliwe na nyingine ifutwe. Alama za madarasa kadhaa zilitoweka. Baadhi yetu tulikuwa na karatasi. Wengine walikuwa wameingiza moja kwa moja na kuzitupa. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho, miongoni mwao wasichana wawili ambao familia zao zilikuwa zimeuza mifugo kulipa karo, walichelewa kuhitimu kwa muhula mzima, wakarudia mtihani walioufaulu.

Fundi wa chuo hakuwa mzembe. Alikuwa amefuata maelekezo ya Kiingereza hatua kwa hatua, na maelekezo yale, kama mengi yaliyoandikwa kwa wanaojifunza, yalimwambia azime kinga moja ili kishada kiwake haraka. Nilipomuuliza kinga ile ni ya nini, alijibu kwamba jina lake lilimfanya adhani ni mzaha wa waandishi wa programu. Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya.

Akidi

Kinga ziko mbili, na ya kwanza ni akidi. Hapa Kiswahili kimebahatika kuwa na neno kamili, lililozoeleka katika mabunge yetu. Hata hivyo, kuna mtego. Kifungu cha 121 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50. Bunge hilo lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika. Lau akidi ya kishada ingekuwa ya namna hiyo, mabunge sita yangeweza kuketi kwa wakati mmoja katika vyumba sita, kila moja likiwa na akidi yake na kupitisha sheria zake. Akidi ya kishada lazima izidi nusu. Nodi zikiwa tatu, akidi ni mbili. Zikiwa tano, akidi ni tatu. Kundi likigawanyika vyovyote vile, haiwezekani pande mbili zote zizidi nusu. Upande uliokosa akidi huziacha huduma zote na kunyamaza, hata kama seva zake ni nzima.

Nodi mbili ndizo zenye taabu, na mashirika mengi yenye bajeti ndogo huishia kununua mbili. Akidi ya mbili ni mbili, kwa hiyo moja ikifa, iliyobaki haina haki ya kuendelea, na kishada kizima hakina faida. Corosync ina mpangilio maalumu unaoiruhusu nodi moja kati ya mbili kuendelea peke yake, lakini ruhusa hiyo huwarudisha mafahali zizini. Njia bora ni kutafuta kura ya tatu: kompyuta ndogo, ya bei nafuu, iliyowekwa mahali pengine, isiyobeba huduma yoyote ila kupiga kura pande mbili zinapokosana. Naiita msuluhishi. Nodi mbili zikiwa Garissa mjini, msuluhishi anaweza kuwa Nairobi. Asiwekwe katika chumba kimoja na wagomvi.

Zimamwenza

Kinga ya pili ndiyo ile aliyoizima fundi wetu. Nodi inayotaka kurithi hairuhusiwi kuamini tu kwamba mwenzake amekufa. Lazima ihakikishe, na njia ya kuhakikisha ni kumkatia umeme. Baada ya kupata uthibitisho kwamba umeme umekatwa ndipo inarithi. Jina la Kiingereza la kinga hii ni STONITH, ufupisho wa maneno yenye maana ya kumpiga nodi mwenzio risasi ya kichwa.

Huu ni ucheshi wa watu wanaokaa mbali na risasi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi mno wao wakiwa wanafunzi. Sioni mwalimu yeyote wa Garissa akisimama mbele ya darasa na kuitafsiri istilahi hiyo neno kwa neno, wala sioni kwa nini alazimike. Lipo pia jina la upole zaidi linalotokana na neno ua, yaani kuzungushia uzio, na wengine wamelifasiri kama kutenga. Upole huo nao una hatari yake. Kutenga husikika kama jambo la hiari, la kufanywa tukipata nafasi. Jina la risasi, pamoja na ubaya wake, lilikuwa na ukweli mmoja: linaonyesha kwamba tendo hili ni la nguvu, la haraka na halina majadiliano.

Napendekeza zimamwenza. Limeundwa kama zimamoto, kitenzi kikifuatwa na kinachotendwa, na Kiswahili kimezoea muundo huo kiasi kwamba neno halina ugeni. Linasema nani anazimwa. Pia linabakiza ile sura ya dharura, kwa sababu anayesikia zimamoto hawazii jambo la kusubiri kesho. Wenzangu wa isimu wanaweza kulichambua na kulikataa. Ombi langu ni kwamba watakaolikataa walete jingine ambalo fundi hatalidhania mzaha.

Tukiwa katika majina yenye historia nzito, ni vyema kutaja kwamba kwa miaka mingi nodi yenye kuandika data iliitwa bwana na inayonakili ikaitwa mtumwa. Pacemaker iliachana na maneno hayo katika toleo la 2.1.0 la mwaka 2021, ikasema iliyopandishwa cheo na isiyopandishwa. Kwa lugha iliyolelewa katika pwani yenye masoko ya watumwa, nadhani ni nafuu isiyohitaji utetezi.

Kusakinisha

Sasa tuingie chumba cha seva. Maelezo yafuatayo yanahusu jamii ya Red Hat, toleo la 8 na baada yake, pamoja na ndugu zake AlmaLinux na Rocky Linux. Debian na Ubuntu hutofautiana katika baadhi ya hatua. Mantiki ni ileile. Baadhi ya watu husema kusimika badala ya kusakinisha, nami sina ugomvi nao.

Kabla ya programu yoyote, mambo matatu yaandaliwe katika kila nodi. Majina ya nodi yaandikwe katika faili la /etc/hosts ili nodi zijuane hata huduma ya majina ikikosekana. Saa zilinganishwe kwa programu ya chrony, maana nodi mbili zenye saa tofauti huandika kumbukumbu zisizoweza kusomwa kwa pamoja siku ya ajali. Ukuta wa ulinzi ufunguliwe kwa huduma inayoitwa high-availability, la sivyo mipigo haitapita na kila nodi itaamini kwamba iko peke yake tangu siku ya kuzaliwa.

Kisha programu zenyewe husakinishwa katika kila nodi kwa amri moja, baada ya ghala la programu za vishada kuwezeshwa:

dnf install pcs pacemaker fence-agents-all

Corosync hufuata yenyewe. Kifurushi cha mwisho katika amri hiyo ndicho chenye mawakala wa zimamwenza, wengi hukiacha. Huduma ya pcsd huwashwa, na mtumiaji aitwaye hacluster hupewa nywila moja katika nodi zote. Kuanzia hapo, kazi hufanywa katika nodi moja tu na kusambaa kwa nyingine. Tuseme nodi zinaitwa tana1 na tana2, na kishada kinaitwa kotile:

pcs host auth tana1 tana2
pcs cluster setup kotile tana1 tana2
pcs cluster start --all

Amri ya kwanza huzitambulisha nodi, ya pili huandika katiba yao, ya tatu huwasha. Ukiandika pcs status utaziona zote mbili. Hapa ndipo penye kishawishi. Pacemaker hukataa kuwasha huduma yoyote hadi zimamwenza iwekwe, na hutoa onyo. Maelekezo ya haraka humfundisha msomaji kuizima kinga kwa mstari mmoja, na onyo hutoweka. Mstari huo usiandikwe katika seva yenye data ya watu.

Zimamwenza huhitaji kifaa cha kukata umeme. Seva nyingi zina kadi ndogo ya usimamizi, yenye anwani yake ya mtandao, inayoweza kuizima seva hata mfumo wake ukiwa umeganda. Kwa sehemu zenye umeme wa kuyumba kama zetu, kadi hiyo ina udhaifu ambao vitabu huutaja kwa kifupi. Inatumia umeme uleule wa seva. Seva ikikosa umeme kabisa, kadi nayo hufa, na nodi iliyobaki haiwezi kupata uthibitisho. Haitarithi. Itasubiri na kujaribu tena na tena, na watumiaji watalalamika kwamba kishada hakina maana, ingawa kinafanya kile hasa kilichoagizwa. Suluhisho ni ngazi ya pili ya zimamwenza, yaani soketi zinazodhibitiwa kwa mtandao na zilizounganishwa na betri yake zenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya seva ya tatu.

Baada ya hapo huongezwa rasilimali. Ya kwanza kwa kawaida ni anwani hamishi, yaani anwani ya IP isiyo ya nodi yoyote. Mfano wake ni sanduku la posta: barua huandikwa S.L.P. ileile, na aliye na ufunguo leo ndiye anayezipokea. Nodi ikifa, nyingine huchukua ufunguo, na waandikaji hawajui kwamba mpokeaji amebadilika. Kisha huja hifadhidata, na programu inayoitegemea. Rasilimali hizi hufungwa pamoja na kupewa mpangilio, ili anwani isiwe nodi moja na hifadhidata nodi nyingine.

Data yenyewe inakaa wapi? Ama katika diski ya pamoja inayofikiwa na nodi zote, ama katika nakala mbili. Kwa njia ya nakala hutumika DRBD, kazi ya kampuni ya LINBIT ya Vienna, ambayo iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2010. Kila kinachoandikwa katika diski ya nodi moja huandikwa pia katika nyingine kupitia mtandao. Wapo wanaoliona hili kama badala ya kuweka akiba ya data. Sivyo. Ukifuta faili kwa makosa, DRBD itakufutia nakala zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

Kujaribu

Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambao ulikuwa na majenereta ya akiba, jenereta mojawapo halikuwaka, na abiria wakakaa gizani kwa saa kadhaa. Akiba ilikuwepo, imenunuliwa na kuwekwa mahali pake.

Kishada kisichojaribiwa ni jenereta hilo. Jaribio la kwanza ni la upole: pcs node standby tana1, na kutazama huduma zikipokezana kijiti kwenda tana2. La pili ni kuchomoa waya wa umeme wa seva kwa mkono, bila kuiaga. La tatu, ambalo wengi huliogopa, ni kuchomoa waya za mipigo huku seva zote mbili zikiwa hai. Hapa nodi moja inapaswa kuzimwa na mwenzake ndani ya sekunde chache. Zikibaki hai zote mbili, na zote zikishikilia anwani hamishi, kazi haijaisha, hata kama skrini zote ni za kijani.

Majaribio haya yafanywe kabla ya walimu kuanza kuingiza alama, na yarudiwe kila kipande cha mtandao kinapobadilishwa. Nodi iliyozimwa isirudishwe kazini hadi ijulikane kwa nini ilizimwa. Utaratibu wa kuirudisha uchapishwe na kubandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha seva, kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili, maana atakayeusoma usiku ule huenda akawa mlinzi aliyeelekezwa kwa simu.